Mhariri, kuchora mtu kunafundishika, tupeni kona kwenye gazeti

Mhariri salaam, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee jambo ambalo binafsi silioni likiongelewa kwenye magazeti yetu ya Kiswahili, nalo ni kuchora mtu. Namaanisha binadamu mzima, kichwa mpaka unyayo, amesimama au amekaa au kainama anafua, kwa penseli au kwa mkaa, na walengwa wangu ni sisi watu wazima tuliokuwa tunachora utotoni tukaacha tukiwa shule na sasa tunataka kurudi, pamoja na wale ambao hawajawahi kabisa ila roho inawatuma.

Kinachotukatisha tamaa ni kauli moja, kwamba kuchora ni kipaji, unazaliwa nacho au ndo basi tena. Utaisikia kwa mwalimu, utaisikia nyumbani, na wachoraji wenyewe baadhi wanaisema bila kufikiria wanaifunga njia ya nani. Mi nakataa kabisa. Hakuna anayesema kushona suruali ni kipaji, kijana anapelekwa kwa fundi, anaanza na kutoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi, anaharibu vitambaa, baada ya muda anakata suruali inamkaa mtu vizuri na hakuna anayeshangaa. Kuchora mtu ni hivyo hivyo, kuna vipimo vyake, kuna mpangilio wake, na kuna kukaa mbele ya mtu hai ukaangalia sana kuliko unavyochora. Wapo wanaoshika haraka na wapo wanaochelewa, hilo sikatai, ila anayechelewa naye anafika.

Wengi wetu mchoro wa mwisho kuchora ni ule wa moyo wa binadamu kwenye daftari la Baiolojia sekondari, wenye mistari na majina pembeni. Tulichora kwa kunakili kitabu na tukapewa vema. Kipindi cha sanaa kama kilikuwepo kwenye ratiba basi mitihani ikikaribia kinaliwa na hesabu. Kwahiyo mtu ana miaka 40, ana akili zake timamu na mikono inayoweza kufuma, kusuka, kufunga nyaya za umeme, lakini macho yake hayajawahi kufundishwa kumwangalia mtu kwa ajili ya kumchora.

Mpe huyo mtu mzima karatasi umwambie amchore mwenzie aliyekaa mbele yake halafu tazama anavyofanya. Anaanza na uso, tena ndani ya uso anaanza na macho, anayapamba yanapendeza, dakika zinaisha. Macho kayaweka juu kabisa karibu na nywele. Kichwa kimekuwa kikubwa, kiwiliwili kifupi, miguu inafika mwisho wa karatasi kabla haijaisha, na mikono ataificha mfukoni au nyuma ya mgongo kwasababu vidole vinamtisha. Halafu anasema mi sina kipaji. Hapana! Amechora anachokijua, hajachora anachokiona. Anajua macho ndo yanabeba uso kwahiyo akayapa nafasi kubwa na akayaweka juu, ila ukichukua futi ukapima kutoka utosini mpaka kidevuni utakuta macho yako katikati kabisa ya kichwa, nusu kwa nusu. Hata wewe mhariri jipime kwenye kioo hapo ofisini. Paji la uso pamoja na fuvu lililofunikwa na nywele vinachukua nafasi kubwa kuliko tunavyodhani, na hilo likishaingia akilini kila uso unaochora unabadilika siku hiyohiyo.

Vipimo vingine navyo ni hivi, na naviweka hapa makusudi ili mtu akate kipande hiki cha gazeti abandike ukutani. Mtu mzima wa kawaida urefu wake ni kama vichwa saba na nusu, yaani ukipima kichwa chake kutoka utosi hadi kidevu halafu ukakipanga kushuka chini kinaingia mara 7 na nusu hivi. Wachoraji wengi hutumia 8 wakitaka mtu aonekane mrefu na mwenye heshima, na hiyo 8 ndo iko pia kwenye mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci wa mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, wa mwaka 1490 hivi. Nusu ya mwili haiko kiunoni kama wengi wanavyochora, iko chini zaidi, pale miguu inapoanzia. Mikono ikining'inia kiwiko kinafika usawa wa kiuno na kifundo cha mkono kinafika kwenye ile nusu ya mwili. Kiganja ukikiweka usoni kinatoka kidevuni kinafika katikati ya paji au kwenye nywele, kwahiyo wale tunaochora viganja vidogo tumejua tatizo letu. Unyayo unakaribia urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Mtoto wa mwaka mmoja yeye ni kama vichwa 4 tu, ndo maana ukimchorea vipimo vya mtu mzima anatoka mzee mfupi. Miili inatofautiana jamani, hivi ni vya kuanzia tu, ukishavizoea ndo unaanza kuona huyu shangazi kavuka hapa, huyu mzee mabega yake yameshuka pale.

Na namna ya kupima mtu aliye mbali haihitaji kifaa chochote. Unanyoosha mkono ulioshika penseli, kiwiko kikaze kisikunjike hata kidogo, unafumba jicho moja, unalinganisha ncha ya penseli na utosi wa mtu, unasogeza kidole gumba mpaka usawa wa kidevu, hapo umekamata kichwa kimoja, unashuka nacho chini ukihesabu. Kiwiko kikikunjika kipimo kinabadilika kwasababu penseli imesogea karibu na jicho. Penseli hiyohiyo ukiilaza au kuisimamisha inakuonyesha bega moja limepanda kiasi gani kuliko la pili, goti limetoka nje kiasi gani ya bega.

Lakini vipimo peke yake vinatoa mtu aliyeganda, na hapa ndo wengi wanaorudi kwenye kuchora wanakwama, kwasababu wanataka mchoro safi mara ya kwanza. Kabla ya vipimo chora haraka, nusu dakika, dakika moja, ikizidi mbili. Usichore nguo wala sura, chora mwelekeo tu, mgongo unapinda wapi, uzito uko mguu gani, kichwa kinaangalia wapi, mistari michache mirefu kutoka kichwani mpaka kisiginoni. Tumia karatasi za bei chee, kaunta buku lililobaki kurasa, nyuma ya karatasi zilizoprintiwa ofisini. Chora kwa bega zima badala ya vidole, shika penseli mbali na ncha yake. Zitatoka mbovu nyingi na ndo inavyotakiwa, raba iache nyumbani.

Sasa nitoe mfano ninaoujua vizuri maana nauona kila asubuhi hapa mtaani kwetu kwenye bomba, mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani amesimama anaongea na mwenzie kidogo kabla hajaondoka. Mwangalie vizuri. Kaegemea mguu mmoja, wa pili kaulegeza na goti limekunjika kidogo. Nyonga ya upande wa mguu uliobeba uzito imepanda juu, ya upande wa pili imeshuka. Kwa mtu asiyebeba kitu mabega yangefanya kinyume, bega la upande ule uliopanda nyonga lingeshuka, ila huyu ana ndoo, haruhusiwi kuyumbisha maji, kwahiyo mabega na shingo vinabaki karibu sawa na msokoto wote unamalizikia kiunoni. Sasa tafuta kile kishimo kilicho chini ya koo katikati ya mitulinga miwili, shusha mstari wima kutoka hapo, utatua kwenye kisigino cha mguu uliobeba au karibu yake kabisa. Ukichora mtu aliyeegemea mguu mmoja na mstari huo ukatua kwingine mtu wako anaanguka, utaona tu kuna kitu hakiko sawa hata kama sura umeipatia kama picha ya simu. Na ule mkono alioinua kushikilia ndoo uangalie begani, mkono ukipanda hauendi peke yake, fupa la bega linazunguka na bega lenyewe linapanda kuelekea sikioni, wanaoanza wanachora bega limetulia pale pale halafu mkono umechomekwa juu. Kanga yake nayo ina sababu zake, mikunjo inaanzia pale kitambaa kinapovutwa, kwenye fundo kifuani, kwenye nyonga iliyotokeza, kwenye goti lililokunjika, ukishajua mikunjo inaanzia wapi huhitaji kuchora yote, mitano sita inatosha na macho ya mtazamaji yanamalizia.

Dakika zile anazosimama kuongea zinatosha kwa hayo yote. Ila muombe ruhusa kwanza, mwambie dada samahani najifunza kuchora naomba nikuchore ukiwa unaongea, wengi wanacheka wanakubali na wengine wanakataa na akikataa basi. Ukimaliza muonyeshe, akitaka mpe.

Kuna jambo la rangi ya ngozi linaniuma sana. Vitabu na video nyingi za kujifunzia zimetengenezwa Ulaya na Marekani, karatasi nyeupe mtu mweupe, kwahiyo karatasi yenyewe ndo ngozi na penseli inatumika kwa vivuli peke yake. Sisi tukifuata hivyo hivyo tunatoa watu wetu kama wamepakwa unga, au tunapaka giza sawasawa uso mzima mpaka umbo linapotea. Ngozi nyeusi inashika mwanga kwa namna yake, mng'ao wake ni mkali na mdogo, uko kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye mdomo wa chini, juu ya bega, halafu kwenye kivuli kuna mwanga mwingine mwepesi unaorudi kutoka kwenye nguo au ukuta, mtu akivaa kanga ya njano chini ya kidevu chake utaona. Dawa yake iko dukani hapohapo mtaani, ni karatasi ya kaki ile tunayowekea madaftari ya watoto makava. Ile kahawia yake inakuwa rangi ya katikati, mkaa unachora giza, na chaki nyeupe ya ubaoni unaigusa sehemu chache tu zinazong'aa. Usichanganye chaki na mkaa mahali pamoja maana inatoka kijivu kama ukungu, acha karatasi yenyewe ipumue katikati yake. Ukijaribu hivyo mara moja utashangaa uso wa bibi yako unavyojitokeza.

Mkaa wa jikoni wa magogo ni mgumu, unakwaruza karatasi. Mkaa wa kuchorea unaweza kutengeneza mwenyewe, unachukua vijiti vyembamba vikavu vya mti mwepesi, unavimenya maganda, unavipanga vibanane kwenye kopo la bati lenye mfuniko, unatoboa tundu dogo moja la kutolea moshi, unaliweka kwenye moto, moshi ukishaacha kutoka tunduni unalitoa na unaliacha lipoe kabisa bila kufungua, ukifungua likiwa la moto hewa inaingia vijiti vinageuka majivu. Lifanyie nje sio ndani ya nyumba.

Sasa swali ninaloulizwa na wengi hasa kina mama wenzangu na watu wa dini, mbona huko kwenye vyuo vya nje wanachora watu uchi, na sisi tutafanyaje? Majibu yangu ni kwamba hatulazimiki. Bukta na singlendi vinaonyesha karibu kila kitu mwanafunzi anachohitaji, mitulinga, mbavu, viwiko, magoti, vifundo, na wacheza ngumi, wacheza mpira na wabeba mizigo sokoni wanavaa hivyo kila siku. Na hata huko Ulaya suala hili liliwasumbua, chuo cha sanaa cha Royal Academy cha London kiliwafungulia wanafunzi wanawake darasa la kuchora mtu hai mwaka 1893 tu, na hapo kwa sharti kwamba modo, yaani mtu anayekaa ili achorwe, awe amefunikwa sehemu. Kwahiyo kila jamii ina mipaka yake na kazi inaenda. Mwili wenye nguo ndo tunauona, na mtu anayeweza kuonyesha goti liko wapi ndani ya baibui au kanzu huyo amejifunza kweli kweli. Ila modo alipwe. Kukaa bila kutikisika dakika 20 ni kazi ngumu, mguu unakufa ganzi, mzee wa watu asiitwe akalishwe kwenye kiti halafu aondoke na asante tu.

Wapo wanaosema umri umeenda. Nawakumbusha Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akafanya vibarua, na ilikuwa karibu mwaka 1968 ndo akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari, akiwa na miaka kama 36, bila chuo chochote cha sanaa. Akafariki mwaka 1972 na kwa ile miaka michache tu jina lake limekuwa jina la aina nzima ya sanaa inayouzwa dunia nzima. Najua yeye alichora zaidi wanyama na ndege na hakufuata vipimo hivi ninavyovieleza, mtindo wake ni mwingine. Nimemtaja kwasababu ya umri na kwasababu alianza na alichokuwa nacho. Upande wa pili yuko Sam Ntiro wa Kilimanjaro, yeye alipita shuleni, Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade London, akachora watu wa kijijini wakilima na kujenga pamoja, na ndiye huyohuyo aliyetuwakilisha Uingereza kama balozi baada ya uhuru. Njia zote mbili zimetoa watu.

Na magazeti ya Kiswahili ndo yalikuwa shule ya wengi wetu mhariri, ndo maana nakuandikia wewe. Chakubanga, yule mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, aliwafanya watu wazima wafungue gazeti wakianzia kwenye mchoro. Waliokua na jarida la katuni la Sani wanakumbuka kuwanakili wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa nyuma ya madaftari, ukinakili mwisho unagundua kwanini mkono wa mtu anayekimbia umekunjwa vile. Gado alianzia Dar kabla hajahamia Nairobi mwaka 1992, na ukizitazama katuni zake unaona huyu mtu anajua mifupa iko wapi hata pale anapomvuta mtu pua kwa makusudi. Mchora katuni anamrefusha mtu kidevu na kumnenepesha tumbo na bado mtu anasimama, kwasababu chini yake kuna kiunzi anachokijua. Hiyo elimu wanayo wachoraji wenu hapo ofisini na sisi wasomaji tunaona matokeo yake tu.

Najua vipo vyuo, TaSUBa Bagamoyo ipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, Nafasi Art Space pale Mikocheni wana mafunzo yao. Nawaheshimu wote. Ila mhasibu wa Kahama, muuguzi wa Newala anayetoka zamu ya usiku, mama wa Mbagala mwenye watoto watatu, hao hawawezi kwenda kukaa chuoni. Wanahitaji kitu kidogo kilicho karibu, jioni moja kwa wiki, na mtu wa kumuonyesha bega limekaa wapi.

Kuhusu simu, watu wanasema kwanini usichore kutoka kwenye picha, mtu hatikisiki na hakudai hela. Tumia tu pale huna jinsi ila ujue simu ikipigwa karibu inakuza pua na kudogosha masikio, na picha iliyopigwa kutoka juu inafupisha miguu, kwahiyo unanakili makosa ya lenzi ukidhani ndo mwili. Tena picha imeshakuchagulia mstari, wewe unaufuata tu. Mtu hai anapumua, anahamisha uzito, unalazimika kuamua mwenyewe kipi ushike, na huko kuamua ndo kujifunza kwenyewe.

Ombi langu ni hili mhariri. Tunaomba kona moja kwa wiki, hata robo ukurasa wa Jumamosi, mchoraji wenu achore mtu mmoja wa kawaida hatua kwa hatua, kwanza ile mistari ya haraka, kisha kiunzi cha mbavu na nyonga, kisha mwili, kisha nguo, na pembeni maneno machache kwa Kiswahili cha kueleweka. Wiki moja konda aliyening'inia mlangoni kwenye daladala, wiki nyingine msusi na anayesukwa, wiki nyingine wazee wawili kwenye bao, maana pale kuna mgongo uliopinda na mkono ulionyooshwa mbele unaoonekana mfupi, kitu kinachosumbua kila anayeanza. Wasomaji watume michoro yao, mchague mmoja mumrekebishe hadharani kwa upole, penye bega sema bega, penye nyonga sema nyonga, msimwambie tu hongera jitahidi. Na kwa viongozi wa mitaa wanaosoma hapa, ofisi nyingi za serikali za mitaa zina mabenchi na mabaraza yanayokaa tupu Jumamosi jioni, mturuhusu tukae pale masaa mawili na mkaa wetu na karatasi za kaki, tutafagia tukimaliza.

Kama mtaikubali hiyo kona na mchoraji wenu akahitaji mtu wa kukaa kwa ajili ya mchoro wa kwanza, hapa mtaani kwetu nimeshaongea na fundi baiskeli mmoja na amekubali, anachuchumaa vizuri sana na anasema Jumamosi asubuhi yuko huru mpaka saa 4.

Msomaji wenu wa kila siku,
Mama wa Mbagala, Dar es Salaam